Meya Wetu, Kura Yao

Tarehe 22 Machi 2016, ndani ya ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam ilipata meya. Isaya Mwita wa CHADEMA alipata kura 84, Yenga Omary wa CCM akapata 67. Sensa ya mwaka 2012, ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilikuwa imehesabu watu 4,364,541 katika mkoa huu. Watu 84 wakatuamulia. Sisi wengine, wenye vibanda, wenye bajaji, mama ntilie, walimu, abiria wa daladala, tulikaa nje tukiulizana kwa simu kama meya ameshapatikana.

Na hata siku hiyo ilichelewa kufika. Uchaguzi mkuu ulikuwa umefanyika Oktoba 2015. Kura ya umeya ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kwa mabishano juu ya nani ni mjumbe halali na nani si mjumbe, kwa zuio lililodaiwa kutoka mahakamani wakati wajumbe wameshaketi, kwa vurugu na polisi. Jiji kubwa kuliko yote nchini likakaa karibu miezi mitano bila meya. Mwananchi hakuweza kufanya lolote, kwa sababu shauri lile halikuwa lake kisheria. Lilikuwa la waheshimiwa.

Simlaumu Mwita wala Omary. Waliikuta sheria, wakagombea kwa sheria waliyoikuta. Ninachokishambulia ni sheria yenyewe, na nitaishambulia mpaka ibadilike. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya mwaka 1982, imewapa madiwani kazi ya kumchagua meya miongoni mwao. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga na Dodoma, na ndivyo ilivyo katika kila manispaa. Wewe mkazi unamchagua diwani wa kata yako. Diwani anaingia ukumbini na dhamana yako, na alichokifanya humo huwezi kumhoji, kwa kuwa hukuwamo na karatasi yake haikuonyeshwa. Unaporudi kuuliza kwa nini taka zimekaa mtaani wiki nzima, diwani anasema hilo ni la manispaa, meya anasema hilo ni la mkurugenzi, na mkurugenzi hakuombi kura wewe.

Sasa mtazameni mwenyekiti wa mtaa. Huyu anatugongea muhuri barua ya utambulisho, anasuluhisha ugomvi wa mipaka ya viwanja, anaitisha mkutano wa ulinzi shirikishi. Tunamchagua wenyewe, tulipanga foleni tarehe 27 Novemba 2024 kwa ajili yake. Rais tunamchagua wenyewe. Mbunge tunamchagua wenyewe. Diwani tunamchagua wenyewe. Ni katikati hapa tu, kwenye kiti cha mtu anayeongoza baraza linalopitisha bajeti ya mabilioni ya shilingi, ndipo tunapoambiwa tukae pembeni, wakubwa wataelewana. Kwa sababu gani? Mtu aliyeaminiwa kumchagua Amiri Jeshi Mkuu anashindwaje kuaminiwa kumchagua msimamizi wa mitaro na masoko?

Jibu ni kwamba hakuna aliyeketi akafikiri hivyo. Tumerithi. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, chini ya Waingereza, na meya wake akawa anapatikana kwa mtindo wa kwao wa zamani: wajumbe wa baraza wanachaguana. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye wanafunzi wetu bado wanamsoma kwa kanuni zake za utunzi, alikuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, mwaka 1960, naye alipitia mlango huo huo. Wakati ule ilieleweka, maana nchi ilikuwa bado mikononi mwa wengine. Desemba 1961 bendera ikabadilika, mji ukawa jiji, utaratibu ukabaki. Waingereza wenyewe, kule London, wameshaondoka huko: tangu mwaka 2000 wakazi wa London wanampigia kura meya wao. Sisi tuliopigania uhuru ndio tumeushikilia mtindo wa mkoloni kana kwamba ni wosia wa babu.

Na si kwamba serikali za miji yetu haziguswi. Zinaguswa kila mara, lakini mkono huwa unatoka juu. Madaraka mikoani ya mwaka 1972 yalizizima halmashauri. Miji ikaoza mpaka mabaraza yake yakarejeshwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na kuwekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 likaja baraza la jiji pamoja na manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, na baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni. Januari 2020 Meya Mwita akaondolewa na wajumbe wenzake katikati ya mabishano kama theluthi mbili ilitimia au haikutimia. Hatukumchagua alipoingia, hatukuulizwa alipotoka. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji yote, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu wengi hawajalitafakari. Mtu wa Mbagala anaishi Dar es Salaam. Mtu wa Tegeta anaishi Dar es Salaam. Mtu wa Kimara, mtu wa Kigamboni, wote ukiwauliza wanatoka wapi watakujibu Dar. Lakini anayeitwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam hana neno Mbagala, kwani kule ni Temeke. Hana neno Tegeta, kwani kule ni Kinondoni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyechaguliwa kuusimamia mji huu mzima kwa pamoja. Anayeusimamia mzima ni mkuu wa mkoa, na mkuu wa mkoa anateuliwa. Bonde la Msimbazi linapofurika, maji hayaulizi mpaka wa Ilala na Kinondoni uko wapi. Yanaikata Barabara ya Morogoro pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na Kimara yote inatembea kwa miguu. Ni mji mmoja, na shida yake ni moja.

Oktoba 2021 machinga waliondolewa barabarani. Mtu aweza kuunga mkono au kupinga; mimi naamini njia za waenda kwa miguu zilihitaji kufunguliwa, na naamini vilevile kwamba watu walivunjiwa riziki kabla hawajaonyeshwa pa kwenda. Lakini swali langu ni nani aliyesimama mbele ya kamera kutoa tarehe ya mwisho. Alikuwa mkuu wa mkoa. Uamuzi mzito kuliko mingine yote katika maisha ya mjini kwa miaka ile ulitangazwa na mtu ambaye hakuna muuza mitumba hata mmoja aliyempigia au aliyemnyima kura. Novemba 2024 jengo likaporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 25 wakafa chini ya zege. Vibali vya ujenzi hutolewa na halmashauri. Ukaguzi wa majengo ya Kariakoo, hata hivyo, Rais alilazimika kumwagiza Waziri Mkuu ausimamie. Waziri Mkuu wa nchi nzima, yenye mikoa zaidi ya ishirini, anakuja kukagua nguzo za maghorofa ya mtaa wa biashara! Serikali ya jiji lenyewe ilikuwa kazi yake nini?

Wapo watakaosema meya hana nguvu, sasa mnamgombania wa nini. Ni kweli hana. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017. Maji yako DAWASA. Mabasi ya mwendokasi yako DART. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi ya dunia ndiyo mkate wa serikali ya mji, ilihamishiwa TRA, na tangu 2021 tunaikatwa kwenye LUKU tunaponunua umeme. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye mtendaji mwenye wataalamu na hundi, anateuliwa na Rais, na meya hawezi kumwondoa. Meya amebakiwa na kuongoza vikao, kupokea wageni na kufungua semina.

Nawaomba mtazame jinsi mambo hayo mawili yanavyolishana. Meya ambaye hakuchaguliwa na umma hana umma nyuma yake siku anaponyang'anywa chanzo cha mapato. Kodi ya majengo ilipoondoka, nani aliandamana? Nani alilia? Angekuwa ni meya aliyepewa kura laki tano na wakazi, angesimama akasema, hizi ni fedha za mitaro ya Tandale na madarasa ya Mbagala, na watu wangemsikiliza kwa sababu ni wao waliomtuma. Meya wa kura 84 anawaza wale 84. Hayo ndiyo maumbile ya siasa, na sitarajii malaika.

Ndiyo maana wagombea wetu wa umeya hawana ilani. Jaribuni kukumbuka: mmewahi kumsikia mgombea umeya wa Dar es Salaam, au wa Mwanza, au wa Mbeya, akisema redioni atafanya nini na dampo la Pugu Kinyamwezi, au na mitaro inayoziba kila masika? Mmewahi kuona mdahalo wa wagombea wawili wa umeya wakibanwa na wakazi? Hakuna, kwa sababu mkazi si mpiga kura wake. Kampeni ya umeya inafanyika kwenye nyumba za wageni na kwenye simu za usiku. Inafanyika ndani ya chama: jina linapitishwa kwenye vikao vya juu, madiwani wa chama wanapigiana kura za maoni, na siku ya baraza kinachobaki ni kupiga makofi. Pale chama kimoja kinaposhika karibu viti vyote vya udiwani, kama ilivyokuwa baada ya 2020, kikao cha chama ndicho kimekuwa mji mzima. Na penye wapiga kura wachache, rushwa haihitaji fedha nyingi. Kuwahonga watu milioni mbili hakuna tajiri anayeweza; kuwahonga watu arobaini kunahitaji bahasha arobaini. Simtuhumu mtu. Nasema tumeujenga mlango huo wenyewe na tukauacha wazi.

Arusha waliulipia mlango huo kwa damu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2010, madiwani wa CCM na wa CHADEMA walikaribiana kwa idadi, na umeya ukategemea kura chache. Ukaibuka ugomvi juu ya mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga aliyehesabiwa kuwa mpiga kura Arusha. Gaudence Lyimo wa CCM akatangazwa meya Desemba 2010. CHADEMA wakakataa kumtambua. Tarehe 5 Januari 2011 wakaandamana, polisi wakafyatua risasi, watu wakafa. Walikufa kwa ajili ya swali ambalo lingejibiwa kwa amani kabisa na wakazi wa Kaloleni, Ngarenaro, Sekei, Unga Limited na Sombetini, kila mmoja na karatasi yake ya kura, Oktoba ile ile, siku ile ile waliyomchagua mbunge. Arusha isingebishana kuhusu mjumbe wa Tanga. Kura za wakazi zingehesabiwa, na mwenye nyingi angeingia ofisini. Kila ninapoambiwa kwamba kumchagua meya moja kwa moja kutaleta vurugu, naikumbuka tarehe hiyo, na napandwa na hasira. Vurugu tumeshazipata, tena kwa utaratibu huu mnaoutetea.

Hoja ya gharama haihitaji muda mrefu. Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura tayari anapewa karatasi tatu. Ya nne haiongezi kituo, haiongezi foleni, haiongezi msimamizi. Inaongeza karatasi, wino na sanduku.

Hoja ya Tume ya Keenja ni nzito zaidi, na wazee wa mjini huipenda. Wanasema kati ya 1996 na 2000 jiji lilisafishwa, barabara zikatengenezwa, taka zikazolewa, na hapakuwa na diwani hata mmoja. Nakubali kazi ilifanyika. Lakini tujiulize ilifanyika kwa nini. Ilifanyika kwa sababu mamlaka na fedha viliwekwa mahali pamoja, na mtu mmoja akajulikana kuwa ndiye mwenye kuulizwa. Hicho ndicho ninachokidai. Tofauti yangu na wazee hao ni kwamba mimi nataka mtu huyo aulizwe na sisi, kwa sanduku la kura, si na waziri kwa barua. Tume ikiharibu, mkazi wa Manzese anaiondoaje?

Kampala ni mfano ambao wapinzani wa jambo hili wangeutumia kunipiga, kwa hiyo nautaja mwenyewe. Wakazi wa Kampala wanamchagua Meya Mkuu wao kwa kura ya moja kwa moja. Erias Lukwago alishinda mwaka 2011. Lakini sheria ya mwaka 2010 iliyounda mamlaka ya jiji lile ilikuwa imempa nguvu za utendaji Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais, na Rais Museveni akamweka Jennifer Musisi. Wakavutana miaka yote. Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa Lukwago, akafungiwa ofisi. Wananchi wakamrudisha 2016, wakamrudisha tena 2021, na kila alipofika alikuta funguo ziko kwa mwingine. Somo la Kampala halisemi wananchi wasimchague meya. Linasema ukimpa mtu kura za mji mzima, mpe na mji wenyewe. Kura bila mamlaka ni dharau kwa aliyeipiga. Kwa hiyo sidai karatasi ya nne peke yake. Nadai mkurugenzi wa jiji aajiriwe kwa ushindani na awajibike kwa meya na baraza. Nadai kodi ya majengo irudi. Nadai mpango wa usafiri na mitaro ya Dar es Salaam nzima uwe chini ya serikali moja iliyochaguliwa na Dar es Salaam nzima.

Nairobi nao walikuwa na meya wa kuchaguliwa na madiwani mpaka Katiba yao ya 2010 ilipoufuta mtindo huo. Tangu 2013 wanamchagua gavana. Wamepata wazuri? Wanajua wenyewe. Mike Sonko walimchagua 2017, na Desemba 2020 akaondolewa na bunge la kaunti pamoja na Seneti kwa tuhuma nzito. Mtu asiniambie hiyo ni aibu ya kura ya moja kwa moja. Kiongozi aliomba kura hadharani, akashtakiwa hadharani, akaondolewa hadharani, taifa zima likitazama kwenye televisheni. Mimi nautamani uwazi huo.

Na Novemba 2025 watu wa New York walimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ambaye baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, aliwahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alipata kura zaidi ya milioni moja. Alizitafuta kwa kuzungumzia kodi ya pango, nauli ya basi, malezi ya watoto wadogo. Alisimama na wauza chakula wa barabarani akawauliza kibali cha biashara kinawagharimu kiasi gani. Vijana wetu wa Sinza na Tabata waliifuatilia kampeni ile kwenye simu zao usiku na mchana, wakajua majina ya wagombea wa mji ulio ng'ambo ya bahari. Waulizeni vijana hao hao nani ni meya wa manispaa yao. Wengi hawatajibu, na sioni haya kwa niaba yao. Nani ajisumbue kulikariri jina la mtu ambaye hakuwahi kumhitaji?

Jambo hili halingoji Katiba mpya, ingawa naidai hiyo pia. Katiba tuliyo nayo imeshasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Namna ya kumpata meya imo kwenye sheria ya kawaida, na sheria ya kawaida hubadilishwa na Bunge kwa kikao kimoja. Mbunge yeyote wa mjini anaweza kuwasilisha muswada binafsi. Baraza la madiwani lolote linaweza kupitisha azimio na kulipeleka kwenye mkutano wa ALAT, jumuiya ya tawala za mitaa nchini. Ninyi waheshimiwa mlioko Karimjee leo, mnaopenda kutuambia mnatoka kwetu, tupeni hiyo kura mliyotushikia tangu mwaka 1949.

Mwaka 2030 watarudi mitaani kwetu na fulana, kofia na magari ya matangazo, wakiomba udiwani. Swali ni moja, na liulizwe kwenye mkutano wa hadhara, kipaza sauti kikiwa wazi: ukifika ukumbini utampa nani umeya, na je, utasimama kuifuta kura hiyo ya ukumbini ije kwetu? Akijibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya chama, tusimpe kura, hata kama ni jirani, hata kama ni ndugu, hata kama tumesali naye safu moja.